Cheti cha Chuo na Leseni ya Kazi: Nani Aaminiwe Kuchora Nyumba ya Watu?

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuwa kifusi kwa muda usiomtosha mtu kumaliza kikombe cha chai. Watu 36 walipoteza maisha. Walioitwa kufukua kifusi hicho hawakuwa wasanifu majengo. Walikuwa askari polisi, wanajeshi, watu wa zimamoto na wananchi wa kawaida waliokuja na majembe na mikono mitupu.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilinyesha Nairobi, na nyumba ya ghorofa iliyojengwa kando ya mto katika mtaa wa Huruma ikaanguka juu ya wapangaji wake. Watu wapatao 50 walikufa. Wanajeshi wa Kenya walikaa juu ya kifusi kile siku baada ya siku, wakisikiliza kama kuna sauti chini ya zege, na baada ya saa zipatazo 80 mtoto mchanga wa kike alitolewa akiwa hai. Tena tarehe 16 Novemba 2024, katika eneo la biashara la Kariakoo, Dar es Salaam, jengo la ghorofa nne liliporomoka asubuhi watu wakiwa dukani, na kazi ya kufukua ikawaangukia wale wale.

Basi mjadala juu ya nani anaruhusiwa kuchora ramani ya jengo hauwahusu maprofesa na wizara peke yao. Askari ndiye anayefukua. Askari ndiye anayezungushia kamba mahali pa maafa, ndiye anayeandika majina ya marehemu, na mpelelezi wa polisi ndiye asiyekuwa na budi kuuliza: Nani alichora? Nani alisimamia? Nani aliruhusu? Kadhalika, askari mwenyewe hulala katika bweni ambalo mtu fulani alilichora, na watoto wake husoma katika darasa ambalo paa lake limekaa juu ya kuta ambazo mtu fulani alizipima, au pengine hakuzipima.

Hapa Juba jambo hili lina uzito wa pekee. Mji huu ulianza kujengwa na Waingereza katika miaka ya 1920 kuwa makao ya utawala. Wakati wa vita virefu ulikuwa mji wa kambi za jeshi, uliozingirwa, ambao hapakujengwa kitu kikubwa ndani yake. Baada ya mapatano ya amani ya tarehe 9 Januari 2005, na hasa baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, watu walirudi kutoka Khartoum, Kampala, Nairobi, Kakuma na mbali zaidi. Mji ukatanuka kuelekea Gudele, Munuki na kuvuka mto. Juu ya tukul na nyumba za bati zikaanza kuchomoza ghorofa.

Tukul haihitaji msanifu mwenye leseni. Mwenye kuijenga ni mwenye kulala ndani yake, na ujuzi wake amerithi kwa wazee wake, ambao walikwisha kujua mti gani hauliwi na mchwa na nyasi gani hazipitishi maji. Ikianguka, humwangukia aliyeijenga, naye aghalabu hutoka akiwa na vumbi kichwani. Ghorofa ni jambo jingine kabisa. Anayelichora halali ndani yake. Anayelinunua haoni nondo zilizofichwa ndani ya zege. Mpangaji wa chumba cha juu hawezi kujua kama udongo mweusi ulio chini ya msingi, aina ya udongo uliotapakaa sehemu nyingi za Sudan Kusini, utavimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi mpaka ukuta upasuke. Lazima amwamini mtu asiyemfahamu. Ndipo dola inapoingia kati, ikamwambia raia: mtu huyu tumempima kwa niaba yako.

Hiyo ndiyo maana ya leseni. Lakini wengi huichanganya na cheti cha chuo kikuu, hata miongoni mwa watu waliosoma.

Askari wataelewa tofauti hiyo upesi kuliko watu wengine. Kuruti anayemaliza mafunzo ya kulenga shabaha amejifunza kutumia bunduki, lakini hakuna ofisa atakayemkabidhi lindo la ghala la silaha siku hiyo hiyo, peke yake, usiku. Kijana anayehitimu chuo cha maofisa ana elimu ya ramani, ya mbinu na ya sheria za vita. Hata hivyo amri ya kuongoza kikosi haitoki kwa mwalimu wake. Hutoka kwa mamlaka iliyompa kamisheni, na mamlaka hiyo inaweza kuiondoa. Dereva naye hujifunza kwa mwalimu na hupewa leseni na serikali. Mwalimu hushuhudia kwamba mtu amejifunza, na serikali hushuhudia kwamba mtu huyo anaweza kuaminiwa barabarani palipo na watu.

Katika usanifu wa majengo mambo ni hivyo hivyo, ila njia ni ndefu. Chuo kikuu hufundisha historia ya ujenzi, uchoraji, nguvu za vifaa, mwendo wa hewa na mwanga, na jinsi ya kufikiri juu ya jengo kabla halijawako. Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo, ulioundwa mwaka 1948, ulikubaliana huko Beijing mwaka 1999 juu ya kiwango kinachopendekezwa kwa nchi zote: masomo ya muda wote yasiyopungua miaka mitano katika chuo kinachotambuliwa, na juu yake mazoezi ya kazi yasiyopungua miaka miwili chini ya msanifu aliyekwisha kusajiliwa. Baada ya hapo ndipo huja mtihani wa utaalamu, ambao haufanani na mitihani ya chuo. Mtahini hamwulizi mtu kama anaweza kubuni jumba zuri. Humwuliza: mkandarasi akileta saruji iliyoganda utaandika nini, na utamwandikia nani? Mwenye nyumba akitaka kuongeza ghorofa mbili ambazo hazimo katika ramani iliyoidhinishwa, utafanya nini? Moto ukiwaka katika ngazi, watu wa ghorofa ya tatu watatokea wapi?

Maswali hayo hayajibiwi kwa kusoma vitabu. Hujibiwa na mtu aliyekwisha kusimama juani kwenye uwanja wa ujenzi, akaona fundi akizidisha maji katika zege ili limwagike kwa urahisi, akamzuia, na akatukanwa kwa kumzuia. Ndiyo sababu sheria ya Kenya ilimtaka mwombaji wa usajili, pamoja na shahada yake, awe na uzoefu wa kazi usiopungua mwaka mmoja ndani ya Kenya yenyewe. Wengine huona sharti la namna hiyo ni ubaguzi dhidi ya waliosoma nje. Yamkini wakati mwingine limetumiwa hivyo. Lakini udongo wa Nairobi si udongo wa Sheffield, na kanuni za manispaa hazisomwi katika nchi nyingine.

Zaidi ya hayo, cheti cha chuo ni cha maisha na leseni si ya maisha. Mhitimu wa mwaka 1980 ni mhitimu mpaka kaburini. Bali jina lililoandikwa katika daftari la bodi huweza kufutwa, na katika nchi nyingi mtu hulipia na kuhuisha kibali chake cha kufanya kazi kila mwaka. Chuo hakimwiti mtu aliyechora jengo likaanguka na kumnyang'anya shahada. Bodi humwita. Katika kufuta huko ndiko iliko nguvu yake, kama vile nguvu ya cheo jeshini ilivyo pia katika uwezekano wa kuvuliwa cheo.

Historia inaonyesha kwamba shule na leseni hazikuzaliwa pamoja, na mahali zilipoachana kwa miaka mingi palitokea matata. Huko Marekani masomo ya usanifu yalianza kufundishwa katika chuo cha ufundi cha Massachusetts mwaka 1868, lakini sheria ya kwanza ya leseni ilipitishwa katika jimbo la Illinois mwaka 1897. Uingereza, yenye chama cha wasanifu tangu mwaka 1834, ilingoja mpaka mwaka 1931 kupitisha sheria ya usajili, na hata baada ya hapo ilichukua miaka saba mingine, mpaka 1938, kulinda jina lenyewe ili asiyesajiliwa asiweze kujiita msanifu. Waliokuwa kazini tayari wakati sheria ilipoingia walifunguliwa mlango wa kuandikishwa bila kurudi shuleni. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwani huwezi kulala na mafundi na kuamka na wasajiliwa peke yao.

Afrika Mashariki ilipita njia ya kinyume. Kenya ilipata sheria yake ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi mwaka 1934, enzi ya ukoloni, ambapo hapakuwa na shule hata moja ya usanifu katika nchi zote hizi. Shule ilikuja mwaka 1956, Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofunguliwa Nairobi. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Kwa hiyo kwa miaka 22 daftari lilikuwa wazi kwa yule tu aliyekuwa na uwezo wa kwenda kusoma ng'ambo. Mwafrika aliweza kuchanganya zege, kupanga matofali na hata kusimamia ujenzi, lakini hakuweza kuandikwa. Leseni isipokuwa na shule hugeuka ukuta. David Mutiso, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa msanifu majengo na baadaye msanifu mkuu wa serikali, alisomea Uingereza. Beda Amuli wa Tanzania, ambaye soko lake la Kariakoo lenye paa la miavuli ya zege lilijengwa katika miaka ya 1970, alisomea Israeli. Waliporudi nyumbani walikuta madaftari yaliyoanzishwa na watu wengine kwa ajili ya watu wengine.

Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1972, ikawaweka wasanifu, wakadiriaji na makandarasi wa majengo chini ya bodi moja ya taifa. Mwaka 1997 iliwatenganisha: makandarasi wakapata bodi yao, na wasanifu pamoja na wakadiriaji yao. Mtu anaweza kudhani hiyo ni kuongeza ofisi tu. Lakini msanifu ndiye anayemkagua mkandarasi kwa niaba ya mwenye nyumba, na ni vigumu mkaguzi na mkaguliwa kuketi katika meza moja wakihukumiana. Uganda ilianza na shule, pale Makerere mwaka 1989, kisha sheria mwaka 1996. Rwanda, nchi iliyojijenga upya baada ya maafa ya mwaka 1994, ilifungua masomo ya usanifu Kigali mwaka 2009 na kupitisha sheria ya taaluma hiyo na ile ya uhandisi mwaka 2012, karibu na wakati ambapo vijana wake wa kwanza walikuwa wakielekea kuhitimu. Katika mifano yote ya ukanda huu, mpango wa Rwanda ndio unaofaa kuangaliwa zaidi na nchi changa. Shule na sheria zilikwenda karibu kwa hatua moja, na kijana aliyetoka darasani alikuta mlango unaofunguka.

Sasa turudi Juba, na tuchukue mfano wa vijana watatu wa Sudan Kusini waliorudi nyumbani na shahada za usanifu. Mmoja amesoma Khartoum, wa pili Nairobi, wa tatu Kampala. Mitaani wote watatu wataitwa kwa neno moja, muhandis. Hapo ndipo tatizo linapoanza, na si tatizo la lugha peke yake.

Katika Chuo Kikuu cha Khartoum usanifu ulianza kufundishwa mwaka 1957 ndani ya kitivo cha uhandisi. Kwa desturi ya Sudan, na ya nchi nyingi za Kiarabu, msanifu ni mhandisi wa aina mojawapo, muhandis mi'mari, naye huandikishwa pamoja na wahandisi wa barabara, wa umeme na wa mitambo. Kwa desturi iliyotoka Uingereza na kushikwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, msanifu si mhandisi. Ana sheria yake, bodi yake na mtihani wake, na jirani yake wa karibu ni mkadiriaji majenzi. Vijana wale watatu wamefundishwa mambo yanayofanana sana. Wote wanajua kuchora, na wote wanajua kwamba nguzo haiwekwi katikati ya mlango. Lakini kila mmoja amelelewa akitazamia kuhojiwa na baraza tofauti, kwa sheria tofauti, chini ya jina tofauti. Wa Khartoum akienda Nairobi kuomba usajili wa msanifu ataulizwa kwa nini karatasi zake zinamtaja kama mhandisi. Wa Nairobi akiketi mbele ya baraza la wahandisi ataulizwa hesabu ambazo shule yake iliziachia idara nyingine.

Chuo Kikuu cha Juba chenyewe kina historia ya kuhamahama ambayo inafundisha jambo. Kilianzishwa mwaka 1975, baada ya mapatano ya Addis Ababa. Mwaka 1989 kilihamishiwa Khartoum kwa sababu ya vita, kikarejea nyumbani baada ya zaidi ya miaka 20. Kizazi kizima cha wasomi wa Kusini kilipata elimu ya juu kikiwa mbali na ardhi ambayo kingekuja kuijenga. Walisoma mjini, katika nchi kavu ya jangwa, nao wakarudi mahali penye mvua, mchwa na mto Nile unaofurika.

Mtu anaweza kuuliza kama tofauti hizi haziwezi kumalizwa kwa amri moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sudan Kusini ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya hiyo mwezi Aprili 2016, na ikawa mwanachama kamili mwezi Septemba mwaka huo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuana vyeti vya elimu na vya taaluma. Ni vema kutazama kwamba itifaki imetaja vitu viwili, elimu na taaluma, kwa sababu njia zake ni mbili. Kuhusu elimu, wakuu wa nchi walitangaza mwaka 2017 kwamba ukanda wote uwe eneo moja la elimu ya juu, ili shahada ya nchi moja isomeke katika nchi nyingine. Kuhusu taaluma, kila kazi hufunga mapatano yake. Wasanifu majengo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo, mwaka 2011, pamoja na wahasibu. Wahandisi wakafuata mwaka 2012.

Mapatano hayo hayafungwi kati ya vyuo. Hufungwa kati ya mamlaka zenye madaftari. Bodi ya nchi moja huiambia bodi ya nchi nyingine: uliyemwandika wewe, sisi tutamtazama kama aliyekwisha kupimwa, kwa masharti haya na haya. Kwa hiyo nchi isiyokuwa na bodi kamili, yenye sheria, daftari na mtihani, haina mtu wa kuishikia kalamu. Wahitimu wake wanaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini mbele ya mapatano wanahesabika kama watu waliofika kituo cha mpaka bila pasipoti. Kinyume chake, wageni wenye leseni za kwao huweza kuingia na kuchora, na ikiwa hakuna daftari la hapa, hakuna pa kuwafuta wakikosea. Hapa hasara ya taifa ni ya pande mbili, na haionekani kwa macho mpaka siku ya kifusi.

Haipasi kudhani kwamba kuunda bodi humaliza kila ugomvi. Chuo na bodi ni mabwana wawili, na mwanafunzi aweza kupondwa kati yao. Katika Kenya zaidi ya wahitimu 100 wa uhandisi walinyimwa usajili kwa hoja kwamba bodi haikuwa imeitambua kozi yao, ingawa chuo kilichowafundisha kilikuwa chuo cha umma na ada zao zilikwisha kulipwa. Kesi yao ilipanda ngazi za mahakama mpaka Mahakama ya Juu, ambako uamuzi ulitolewa mwaka 2018, miaka mingi baada ya wao kuvaa joho. Swali lililokuwa mbele ya majaji ni lile lile linalopaswa kujibiwa na kila nchi kabla ya kufungua darasa: nani anayeamua kwamba kozi inatosha? Bodi ikiachiwa peke yake yaweza kugeuka kundi la wazee wanaolinda riziki zao. Chuo nacho kikiachiwa peke yake chaweza kuuza shahada kama karanga. Mahali palipofanikiwa, wakaguzi wa taaluma huingia chuoni mapema, hutazama michoro ya wanafunzi na maktaba na idadi ya walimu, na kijana huambiwa siku ya kwanza kama njia anayoianza inafika kwenye usajili au haifiki. Kutomwambia ni dhuluma, hata kama hakuna aliyekusudia.

Wapo pia wanaoipinga leseni yenyewe, na hoja zao si za kudharauliwa. Tadao Ando wa Japani alikuwa mpiganaji wa ndondi kabla ya kujifundisha usanifu mwenyewe bila kupita chuo kikuu, na mwaka 1995 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa katika fani hiyo. Frank Lloyd Wright hakumaliza chuo. Je, daftari la bodi lingewafungia nje? Jibu ni kwamba watu hao wawili walijifunza kwa miaka mingi, kwa kufanya kazi na kwa kutazama, na waliyoyajua yangeweza kupimwa. Sheria nzuri huacha mlango mwembamba kwa mtu wa namna hiyo, naye huupita kwa mtihani. Mtu anayepaswa kuzuiwa ni yule asiyejua na asiyetaka kupimwa, mwenye mhuri aliochongesha sokoni na ramani aliyoinakili kutoka jengo la mji mwingine, penye mwamba chini, akaipeleka penye tope.

Huyo ndiye anayewahusu polisi moja kwa moja. Nchi zilizolinda jina la msanifu zimelifanya kosa la jinai mtu kujiita hivyo bila kusajiliwa. Polisi hawahitaji kuelezwa sana uzito wa kosa la aina hiyo, kwani kila mmoja anajua kwa nini raia haruhusiwi kuvaa sare ya polisi, hata kama sare imemkaa vizuri na nia yake ni njema. Sare humfanya mama wa sokoni Konyo Konyo atii. Jina la msanifu katika pembe ya ramani humfanya mwenye fedha atoe fedha, na mpangaji apande ngazi na watoto wake.

Hata hivyo leseni haishiki nondo kwa mikono yake. Huko Huruma jengo lilikuwa limekaliwa na watu ingawa wenye mamlaka walieleza baadaye kwamba halikuwa na kibali cha kukaliwa. Bodi ya Kenya wakati huo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Sheria ilikuwapo, daftari lilikuwapo, na shule ilikuwa kilomita chache tu kutoka hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda mlangoni na kuwaambia wapangaji watoke, na kurudi tena wiki iliyofuata kuona kama wametoka. Kazi ya mlangoni haifanywi na profesa. Hufanywa na mkaguzi wa manispaa akiwa na askari ubavuni mwake, na askari huyo akiwa anajua karatasi gani aitake: kibali cha ujenzi, jina la msanifu na nambari yake katika daftari, jina la mhandisi, na kitabu cha maagizo kinachopaswa kuwapo katika uwanja wa ujenzi ambamo msanifu huandika kila anapofika. Kitabu hicho kikiwa cheupe toka mwanzo hadi mwisho, ni ushahidi.

Limebaki jambo moja ambalo halikuwapo wakati bodi za nchi jirani zilipoundwa. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vilizuka Khartoum. Vyuo vilifungwa, majengo ya vyuo yalipigwa, na maelfu ya watu wa Sudan Kusini waliokuwa wakiishi na kusoma huko walivuka mpaka kupitia Renk wakiwa na walichoweza kubeba. Miongoni mwao wamo waliohitimu na wasiokuwa na cheti mkononi, na waliobakiza mwaka mmoja tu. Mamlaka ya usajili kwa kawaida huandika barua kwa chuo kuthibitisha shahada ya mwombaji. Kwa mhitimu wa Nairobi au Kampala barua hiyo hujibiwa. Kwa mhitimu wa Khartoum pengine hakuna mtu dawatini wa kuipokea, na makabati ya kumbukumbu yako mahali palipopigwa mizinga.

Ziko njia za kushughulikia jambo hilo bila kulegeza kiwango. Mtu huweza kupewa mtihani wa kuingia, akachora mbele ya watahini kwa siku kadhaa. Huweza kuletewa walimu wake waliotawanyika Cairo, Kampala na hapa Juba watoe ushahidi wa maandishi. Huweza kuandikwa kwa muda kama mhitimu aliye chini ya uangalizi, asiruhusiwe kutia sahihi peke yake, mpaka miaka yake ya mazoezi itimie. Mwanafunzi aliyebakiza mwaka mmoja huweza kuumalizia katika chuo kingine cha ukanda huu, ikiwa chuo hicho kitakubali kuhesabu ile minne ya kwanza. Kila njia kati ya hizo inahitaji mezani watu wawili kwa pamoja, mmoja wa chuo na mmoja wa bodi, na kalamu mbili za kutia sahihi katika faili moja.